Excel kwa utabiri wa regresheni: haikosei hesabu, ila haionyi

Kama unataka kutabiri namba moja kutokana na nyingine kwa kutumia mstari, kazi inayoitwa regresheni, Excel inatosha. Zamani fomula yake ya LINEST, inayokokotoa mstari huo, iliyumba pale vigeu (namba zinazotumika kutabiri) vilipofanana mno, lakini njia ya ukokotoaji ilibadilishwa kwenye toleo la 2003 na kwa data za kawaida majibu yake hayana shida. Kasoro yake kubwa ni ukimya. Ukipanga data vizuri inakupa namba yenye desimali nyingi, na ukizigeuza kichwa chini inakupa namba yenye desimali nyingi vilevile.

Chukua data ndogo ya kupeleka mizigo. Seli A2 hadi A7 zina umbali kwa kilomita: 2, 4, 5, 7, 8, 10. B2 hadi B7 zina dakika zilizotumika: 11, 16, 21, 26, 31, 33. Kabla ya fomula yoyote chora chati ya nukta uitazame kwa macho. Mwaka 1973 Francis Anscombe alitengeneza seti 4 za data, kila moja ikiwa na nukta 11. Zote zina uwiano (kipimo cha jinsi namba mbili zinavyokwenda pamoja, 1 ikiwa ni kikamilifu) wa takriban 0.816 na mstari uleule wa y = 3 + 0.5x, lakini ukizichora moja ni tao, nyingine ina nukta moja iliyojitenga inayovuta mstari mzima. Fomula haikuambii hayo.

Baada ya hapo, CORREL(A2:A7,B2:B7), fomula ya uwiano, inatoa 0.987. SLOPE(B2:B7,A2:A7) inatoa 2.93, yaani kila kilomita inaongeza dakika karibu tatu. INTERCEPT, yaani dakika mstari unapoanzia kwenye kilomita sifuri, kwa mpangilio uleule inatoa 5.43. Ukitaka utabiri wa kilomita 9 andika FORECAST.LINEAR(9,B2:B7,A2:A7) upate dakika 31.8. Fomula hiyo ilikuja na Excel 2016. Kwenye matoleo ya nyuma tumia FORECAST, kazi ni ileile.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Katika CORREL, ukibadilisha nafasi za A na B jibu halibadiliki. Kwa hiyo mtu anazoea kuanza na A, kisha anaandika FORECAST.LINEAR(9,A2:A7,B2:B7) kwa mazoea. Jibu: 1.35. Excel imetabiri kilomita kutokana na dakika 9, na haikulalamika. Kwa data hii utashtuka, maana hakuna anayefika kilomita 9 kwa dakika moja na nusu. Ila vigeu vyako vikiwa na ukubwa unaokaribiana, kosa linapita bila kuonekana. Kanuni ni moja: kinachotabiriwa hutangulia.

Mtego wa pili ni namba iliyohifadhiwa kama maandishi, jambo la kawaida kwa data iliyonakiliwa kutoka kwingine. Ikiwa ile 33 ya mwisho ni maandishi, CORREL, SLOPE na FORECAST.LINEAR zinairuka kimyakimya pamoja na mwenzake, na utabiri wa kilomita 9 unahama kutoka 31.8 hadi 33.5. LINEST angalau inagoma na kutoa #VALUE!, na kwa hilo inastahili sifa. Andika COUNT, inayohesabu seli zenye namba tu, kwa kila safu; idadi zisipolingana, tafuta seli yenye shida kwanza. Kosa la kuchapa nalo lina nguvu kuliko watu wanavyodhani: 33 ikiandikwa 13, uwiano unaporomoka kutoka 0.987 hadi 0.38.

Mstari wa mwelekeo unaoongezwa juu ya chati ndio unaopendwa zaidi, na ndio wa kuuangalia kwa jicho la pembeni. Ukitumia chati ya nukta, uko salama. Ukitumia chati ya mistari, Excel inazichukulia kilomita zako kama majina tu na kuzihesabu 1, 2, 3 hadi 6. Mlinganyo unaotokea ni y = 4.57x + 7. Ukiweka 9 humo unapata dakika 48, badala ya 31.8. Pia usinakili namba za mlinganyo ulioandikwa kwenye chati uzitumie kutabiri: zimekatwa desimali. Hasa kwa tarehe za miaka ya karibuni, ambazo Excel huzihifadhi kama namba zinazozidi 40,000, desimali zilizokatwa zinazaa kosa kubwa.

Kuna pia kile kitufe cha kutengeneza karatasi ya utabiri kutokana na tarehe. Si regresheni. Kinatumia ulainishaji wa kieksponenti, njia inayozipa namba za karibuni uzito zaidi, kwa hiyo usishangae kisipolingana na FORECAST.LINEAR.

Programu-jalizi ya Analysis ToolPak inawashwa kupitia File, Options, Add-ins, na inatoa jedwali kamili: mgawo (namba inayozidishwa na kigeu), kosa sanifu (kipimo cha mashaka ya mgawo huo), thamani ya p (uwezekano wa kupata matokeo kama hayo kwa bahati tu), mipaka ya asilimia 95. Chati yake ya masalio, yaani tofauti kati ya namba halisi na zilizotabiriwa, ina manufaa ya kweli. Ukiona tao au tarumbeta inayopanuka kuelekea kulia, mstari ulionyooka haufai. Lakini matokeo yake ni namba zilizoganda. Ukisahihisha data, jedwali halibadiliki, na ripoti nyingi zimebeba takwimu za data iliyokwisha kurekebishwa. Vigeu huru (vile vinavyotumika kutabiri) lazima vikae kwenye safu zinazopakana, visizidi 16. Ile chati yake ya usambazaji wa kawaida ipuuze kabisa: inachora y yenyewe wakati kinachotakiwa kukaguliwa ni masalio.

Pengo linalouma zaidi ni kwamba hakuna sehemu inayokupa upana wa utabiri wa regresheni, yaani jibu halisi linaweza kupishana na utabiri kwa kiasi gani. Lazima uijenge mwenyewe. Ukiweka 9 kwenye D2, andika:

=T.INV.2T(0.05,COUNT(A2:A7)-2)*STEYX(B2:B7,A2:A7)*SQRT(1+1/COUNT(A2:A7)+(D2-AVERAGE(A2:A7))^2/DEVSQ(A2:A7))

Jibu ni 5.1. Maana yake, kwa uhakika wa asilimia 95, tarajia safari moja ya kilomita 9 ichukue kati ya dakika 26.7 na 36.9. Kwa uwiano wa 0.987 wengi wangetarajia upana mdogo zaidi, lakini nukta ni sita tu. Badilisha D2 iwe 30 na utabiri unakuwa 93.3, kuongeza au kupunguza 16.8, na hata huo upana unadhani mstari unaendelea vilevile hadi kilomita 30. Data inaishia 10. Barabara kuu na foleni havijui mstari wako.

Kwa kigeu huru kimoja, bakia na Excel na ujenge kwa fomula, si kwa ToolPak, ili kila kitu kijisasishe. LibreOffice Calc inafanya kazi hizohizo bila malipo. Vigeu vikiwa viwili, LINEST inaweza, ila inatoa migawo kutoka kigeu cha mwisho kurudi cha kwanza, na haibandiki majina. Vikifika vitatu hamia R, programu ya takwimu: amri ya lm kisha predict yenye interval = "prediction" inakupa utabiri na mipaka yake kwa mistari miwili, na ukikosea jina la safu kwa kawaida inasimama papo hapo na kukuambia.