Nat King Cole: mkusanyiko wa kusikilizwa kwa utulivu

Kwa msikilizaji wa Dodoma aliyelelewa na muziki wa dansi wa redioni, njia nzuri ya kumfahamu Nat King Cole, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1965, ni mkusanyiko uitwao The Nat King Cole Story, uliotolewa na kampuni ya Capitol mwaka 1961 katika santuri tatu. Anayemsikia kwa mara ya kwanza atakutana humo na nyimbo zilizomjengea jina, na atavutiwa na jinsi kila neno linavyotamkwa kikamilifu pasipo kupaza sauti, kana kwamba mwimbaji ameketi sebuleni pamoja naye.

Shabiki wa siku nyingi anafaidi zaidi, kwa sababu nyimbo zake za zamani zilirekodiwa upya kwa stereo, hivyo anaweza kuzilinganisha na rekodi za awali. Katika “Straighten Up and Fly Right” ya mwaka 1943 kuna piano, gitaa na besi tu, bila ngoma, na piano hiyo anaipiga Cole mwenyewe, aliyekuwa mpiga jazi hodari kabla ya kusifika kwa uimbaji. Binafsi napenda zaidi wepesi wa rekodi hizo za mwanzo, ingawa sauti yake ya mwaka 1961 imekomaa na ina mkwaruzo mtamu. Ala za nyuzi zimezidi kidogo katika baadhi ya nyimbo za mapenzi.

Usikilize jioni, upepo wetu ukishatulia, kwa spika nzuri, kwa maana spika ya simu huipoteza besi kabisa.