Karedio ka Biblia ya kusikiliza: dola 18, waya mubaya, na Yeremia 42 gizani

Nilikanunua Birere, kartie ya biashara hapa Goma, mwezi wa 11 mwaka 2024, muuzaji alitaka dola 25 tukabishana mpaka akaacha kwa 18, na jirani wangu aliponiona nakuja nako akacheka, akasema uko na Biblia kwenye telefone ya nini tena kupoteza makuta. Nikamujibu telefone yangu inazimika kila jioni juu ya watoto na mavideo yao. Basi ni hivyo, sikuwa na sababu ya kiroho yoyote, tusidanganyane.

Kenyewe ni kadogo, kanaenea mkononi, rangi ya bulu, hakana ekra, kana vibuto saba, toshi upande moja, redio FM, na nyuma kapano ka jua kakubwa kama kipande cha sabuni ya kufulia. Ndani muko kadi yenye Biblia nzima kwa Kiswahili, vitabu vyote 66, wanasoma watu wengi, sauti ya mwanaume, ya mwanamuke, ya mutoto, na muziki nyuma.

Nianze na mabaya juu mabaya njo yalinifikia kwanza. Waya ya kushajia ilikufa siku ya pili. Nikarudi dukani, nikasema papa, ata wiki haijaisha, akanijibu mama ulitoka nayo ikiwa nzima. Nikasimama pale kama dakika kumi namuangalia, yeye anapanga makalenda ya kanisa kama vile siko, mwisho nikaenda kununua waya ingine kwa wale vijana wanaouza vitu vya telefone barabarani. Ile ya barabarani inatumika mpaka leo. Na ile pano, alisema inajaza batri kwa masaa 4. Pengine jua la kwingine, lakini hapa Goma na mawingu yetu unakaweka juu ya bati asubuhi mpaka jioni, na njo upate kama masaa tano ya kusikiliza, na mvua ikianza unakimbia kama mutu aliyeanika unga.

Ubaya wa tatu ni mukubwa zaidi: hakakumbuki ulifika wapi. Ukikazima, ukikawasha tena kanarudia Mwanzo sura ya kwanza. Kila siku. Kwetu ata mutoto wa miaka mine anajua "hapo mwanzo" kwa kichwa, na anaisema na sauti ya yule papa anayesoma. Kwa hiyo ukitaka Zaburi ya 46 unakamata kibuto cha vitabu mara 18, halafu kibuto cha sura mara 45, na ukipitisha moja umeharibu, unarudi. Kijana wangu njo aligundua kwamba ukirudisha nyuma toka Mwanzo unaangukia Ufunuo, kwa hiyo Matendo ya Mitume ni mara 23 kwa nyuma kuliko mara 43 kwa mbele. Tuliandika zile namba kwenye karton tukaibandika ukutani.

Sasa mwezi wa kwanza 2025. Wenye walikuwa hapa wanajua, siwezi kueleza yote na sitaki. Ile wiki ya mwisho ya Januari, waasi wa M23 wanaingia, umeme umekatika, maji ya bomba hakuna, intaneti hakuna, rezo ya telefone inakuja na kwenda, mabenki yamefunga, na sisi tumelala chini kwenye koridori watu tisa, kwa sababu ndani ya nyumba ya mbao risasi haiulizi mulango. Telefone zote zilikufa ile siku ya pili. Kile kitu kimoja kilichokuwa na moto nyumbani mwetu ni karedio ka dola 18, juu asubuhi kijana alikuwa ananyoosha mkono tu dirishani anakaweka juani bila kutoka. Toshi yake tu, mimi ningelipa zile dola mara mbili.

Jioni ya kwanza nikakawasha, sauti chini kabisa, na kama kawaida: hapo mwanzo, giza, na Mungu akasema iwe nuru. Papa wa watoto akasema gizani pale, "aambie SNEL," wale wa kampuni ya umeme. Tulicheka mpaka mama mkwe akatukaripia. Sijui kama ni ruhusa kucheka vile na mambo yalivyokuwa inje, lakini tulicheka.

Nikuje kwa kile kilichofanya niandike hii yote. Mimi nilikuwa nimeshafunga mizigo. Kabla rezo haijaenda shemeji alikuwa amepiga, anasema vukeni Gisenyi, upande wa Rwanda, muko mnangoja nini, na mimi moyo wangu ulikuwa umeshavuka zamani, mabagaji mawili kwenye mulango, vyeti vya watoto nimeviweka kwenye sutiani. Nikamuambia Mungu tuongoze. Lakini kusema ukweli sikuwa naomba aniongoze, nilikuwa naomba abariki zile bagaji. Biblia yangu ya karatasi nilikuwaga naifungua mahali popote, naweka kidole, naangalia jibu, na wengi tunafanyaga vile, tusikatae. Siku moja kidole kilianguka kwenye majina ya nani alimuzaa nani, nikasema labda ni kuhusu mimba. Na haka kamasini huwezi kufanya ile mchezo. Hakana kufungua popote. Ni Mwanzo, halafu uhesabu.

Mama mkwe njo aliomba Yeremia, juu korale yao ilikuwa inajifunza kitu mule. Mara 23 mbele. Tukaanza kusikiliza sura moja moja, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, na Yeremia si kitabu cha kutuliza mutu, mji umezungukwa, njaa, watu wanatupwa shimoni. Nilitaka kukatisha. Halafu tukafika sura ya 42.

Kama hujawahi kuisikiliza: Yerusalemu imeshaanguka, liwali ameuawa, watu waliobaki wanaogopa, wako njiani wanaenda Misri, wanasimama karibu na Bethlehemu wanamuita Yeremia, wanamuambia utuombee kwa Mungu atuonyeshe njia, ikiwa jema ao baya sisi tutatii. Wanaapa. Na Yeremia hajibu palepale. Jibu lilikuja baada ya siku kumi. Kumi! Unafikiri zile siku kumi walikuwa wanafanya nini na hofu ile? Halafu jibu linakuja, bakieni, musiende Misri, na wao, kwenye sura ya 43, wanamuambia unasema uongo. Wanaenda. Juu walikuwa wameshaamua kabla ya kuuliza.

Niliangalia zile bagaji mulangoni. Sikusema kitu. Papa wa watoto pia hakusema kitu, lakini aliziangalia.

Sasa musinielewe vibaya, siko nasema Mungu aliambia Goma yote ibaki. Jirani yangu alivuka na watoto wake wanne ile usiku na alifanya vizuri kabisa, na nilipomuhadisia hii kisha alirudi, akanijibu na Mathayo sura ya 2: Yosefu anaambiwa ndotoni amka, chukua mutoto na mama yake, kimbilia Misri, na anaondoka usiku uleule. Misri ileile! Moja anakatazwa, mwingine anatumwa. Nilikaa na ile neno siku nyingi. Ata sisi wenyewe, Mei 2021 kisha volkano yetu Nyiragongo kutapika, walipotangaza asubuhi ya tarehe 27 kwamba makartie fulani yahame, hatukungoja sura yoyote, tulitembea mpaka Sake na mutoto mgongoni, kama kilometa 25, na sijutii. Ile siku njia ilikuwa moja na ilikuwa wazi. Januari haikuwa vile. Mwishowe tulibaki, na sababu ukiniuliza ni mama mkwe hawezi kutembea mbali, njo hiyo tu, hakuna sauti iliyosema kitu. Lakini nililala. Siku tatu nilikuwa sijalala, na usiku ule kisha Yeremia 42, mizinga haijanyamaza, nililala mpaka saa kumi na moja. Wengine wataita ile kuchoka. Sawa.

Mama mkwe naye alikuwa na theolojia yake. Zaburi ya 46 ikisema Mungu ni kimbilio, akauliza, "kimbilio, si njo ile ya kukimbia? Kumbe Mungu ni kambi?" Na huku kwetu ukisema wakimbizi kila mutu anaona mahema ya mashitingi meupe juu ya mawe meusi ya volkano, kwa hiyo swali halikuwa la mchezo. Alikaa kidogo akajijibu mwenyewe: "Ile kambi haitabomolewa." Kambi za pembeni ya mji zilikuwa zinavunjwa na watu wanarudishwa siku zilezile.

Kitu kingine cha kulaumu, ile muziki na makelele nyuma. Aliyetengeneza alifikiri anasaidia, lakini sura za vita ziko na mapanga, farasi, watu wanapiga kelele. Tulifika Yoshua, kuta za Yeriko zinaanguka, mutoto akashituka usingizini, "mama, wamerudi?" Nikakazima. Nasikia kuna kadi zingine ambazo mutu anasoma peke yake bila ngoma wala radi, kama utapata ile, chukua ile, sana sana kama uko na watoto wa hapa kwetu.

Lakini Matendo ya Mitume 27 ile makelele yanafaa, mawimbi na mbao zinalia, merikebu ya Paulo na watu 276 ndani, siku 14 za dhoruba, siku nyingi hawaoni jua wala nyota. Watoto waliiomba mara tatu. Mimi kile nilipenda ni kwamba Paulo, katikati ya ile fujo yote, anawaambia kuleni. Anakamata mkate, anashukuru mbele ya wote, anakula. Na alikuwa ameshawaambia merikebu itapotea lakini watu watabaki, kwa hiyo hakuwadanganya kwamba kila kitu kitakuwa muzuri. Asubuhi ile nilipika uji wa mwisho wa unga tuliokuwa nao, bila sukari, na siku iliyofuata papa wa watoto na kijana wakashuka ziwani na mabido kutafuta maji.

Kwa hiyo nakapa alama gani? 3 na nusu juu ya 5. Waya nusu, kusahau mahali ulifika nusu, makelele nusu. Sauti yake ni kubwa kuliko umbo lake, batri inakaa, toshi ni ya kweli, redio FM inashika vizuri. Dukani alipouza sitarudi. Ukienda kununua chomeka waya palepale mbele yake, ngoja taa nyekundu iwake, usikubali ile ya "utaona nyumbani mama". Na muulize kama ile kadi inatoka, juu yangu inatoka, ikiharibika unaweza kuweka ingine.

Mimi mwenyewe sikashikagi tena siku hizi. Kako chini ya mto wa mama mkwe, anasema tungoje amalize Isaya, na Isaya iko na sura 66 na usingizi unamukamata kwenye ya pili, kinazimika, kesho tunaanza hapo mwanzo.