Wamenikata hela, wakanipa ukoo usiokuwepo

Nilijiunga na hii huduma ya kutafuta mababu kwa ajili ya wanangu. Baba yao ni mtu wa Denmark, wa Jutland, jina lao Jensen. Upande wangu wa Tanga nasaba wanaijua mpaka wameichoka.

Mwanzoni niliisifia kwa kila mtu. Unaingiza jina la babu na mwaka wa ubatizo, kufumba na kufumbua mti wa ukoo umeshachipua. Wetu ulifika miaka ya 1690, Jensen juu ya Jensen. Mama mkwe alipouona alicheka mpaka akavua miwani.

Jamani! Wakulima wa Denmark zama hizo hawakuwa na jina la ukoo. Mtoto alibeba jina la baba yake, kama kwetu Hamisi bin Juma. Mwana wa Jens ni Jensen, binti yake Jensdatter. Huyo Jensen akiitwa Peder, wanawe ni Pedersen. Makabaila waliamriwa kushika majina ya kudumu mwaka 1526, watu wa Schleswig, jimbo la kusini lililokuwa chini ya mfalme wa Denmark, 1771, Denmark yenyewe 1828, na hata hapo vijijini walikaidi miaka mingi. Sasa mimi naletewa Hans Jensen, mwana wa Peder, kabatizwa 1742! Na Maren Jensen, mwanamke, 1764! Programu imeokota kila Jensen wa usharika ikawafunga kamba moja.

Nikaandika kulalamika. Kijana wa huduma kwa wateja akanijibu kwamba mfumo wao haukosei, na kama mwana wa Peder anaitwa Jensen, basi huenda alikuwa mtoto wa nje. Mtoto wa nje! Mama mkwe kakaa pembeni yangu, bibi wa watu, anasoma yote. Nikaomba kuongea na mkubwa wake. Akafunga chati.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba picha za vitabu vya kanisa ziko bure kwenye tovuti ya Rigsarkivet, nyaraka za taifa. Tangu miaka ya 1810 kila usharika uliandika nakala mbili, na ilikatazwa zisilale chini ya paa moja, moto usije ukazila zote. Watu walijihangaisha hivyo, halafu anakuja mtu na kompyuta anavuruga. Mwandiko wa Kigothi, zile herufi za kale za mkono, unatesa, lakini mama mkwe anaujuajua. Tukampata Jens wetu kwenye ukurasa wenye doa la wino: baba yake Peder Nielsen, mwenye kibanda na kishamba. Jensen wa kwanza ni mwana wa huyo Jens, basi.

Nyota moja. Ingawa, haki ya Mungu, faharasa yao ya sensa ya 1845 ndiyo iliyotufikisha, maana sensa ile iliandika kila mtu alikozaliwa, na bila kijiji tungekuwa tunapapasa mpaka leo. Haya, mbili. Lakini mwezi huu wamenikata tena na nilishajitoa! Moja, na hiyo ni ya faharasa. Yule kijana asijidanganye.