Vigan, Ufilipino: Nilifuata Mtaa, Nikanasa Dirishani

Assalaam aleikum, hamjambo nyote, karibuni tena. Ngoja kwanza. Nasikika? Nimebadilisha maikrofoni, maana kwa ile ya zamani mlilalamika kwamba naongea kama niko ndani ya mtungi. Haya, nimetoka mtungini. Na hiyo taa inayopepesa nyuma yangu ni balbu tu, wala si jini, msianze.

Leo tunachambua mji. Nimeshachambua sufuria, nimechambua simu, nimechambua ile feni iliyonitia hasara, leo ni mji mzima. Vigan, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, Ufilipino. Mambo ya Wahispania mtayasoma wenyewe, sitawachosha: Juan de Salcedo aliuanzisha mwaka 1572, imekwisha. UNESCO wakauandika kwenye urithi wa dunia mwaka 1999. Sisi Amu, yaani Lamu, tuliandikwa 2001. Yaani hawa jamaa wametutangulia miaka 2, na mimi mtoto wa Amu jambo hilo lilikuwa linaniwasha tangu sijapanda ndege. Nilikwenda na roho ya ushindani, nakiri mapema.

Aliyenipeleka ni mwenzangu wa kazini hapa Dubai, mzaliwa wa huko huko Ilocos. Wengine kazini wanamwita Ate, yaani dada mkubwa kwa Kitagalogi, naye huitika. Lakini kwa Kiilokano ni Manang. Siku ya kwanza nilipomwita Manang alinitazama kama niliyemletea barua kutoka kwao. Tangu hapo mimi ni mdogo wake, na mdogo wake ndiye mimi, na safari ikapatikana.

Kutoka Manila ni kama kilomita 400. Tulipanda basi la usiku, saa kumi nzima barabarani, na kiyoyozi cha humo ndani sijui kilikuwa kinahifadhi samaki. Chukua kikoi. Chukua viwili. Manang alivaa soksi, koti na kofia, mimi nikamcheka pale stendi. Ilipofika usiku wa manane nikamwomba soksi.

Sasa, kitu kinachowapeleka watu Vigan ni mtaa mmoja, Calle Crisologo. Ndio mnaouona kwenye picha: mawe chini, nyumba za ghorofa pande zote mbili, taa za zamani, farasi anapita. Picha haina uongo. Lakini picha haina sauti! Tumefika pale saa nne asubuhi, na ghorofa za chini karibu zote ni maduka. Fulana, sumaku za jokofu, mikoba, vijifarasi vya mbao, fulana tena. Watu wamejaa katikati ya barabara, kila mmoja anamwambia mwenziwe asogee kidogo. Nikamwambia Manang, hapa mimi natoa tano kwa kumi. Akanyamaza. Manang akinyamaza ujue umekosea, ila atakuacha uendelee kukosea mpaka uchoke.

Kesho yake akaniamsha saa kumi na moja alfajiri. Tukatoka. Jamani. Ule mtaa ulikuwa mtupu, mzee mmoja anafagia mbele ya mlango wake, ufagio wa njukuti kama wetu, na mawe yamelowa umande. Hapo nikafunga mdomo. Tano ikawa saba. Kwa hiyo msikilize: usiende Vigan ukalala mji mwingine halafu uje kwa saa mbili mchana. Lala pale pale, uamke.

Sasa njooni, kwa sababu hapa ndipo penye video yenyewe. Naomba mnivumilie, hii sehemu ni ndefu na sikuikata.

Hili ni dirisha. Nimelichukua ndani ya nyumba moja ya zamani iliyo wazi kwa wageni, ghorofa ya juu. Hizi nyumba chini ni matofali na chokaa, kuta nene. Chini palikuwa pa mizigo na magari ya farasi, watu waliishi juu. Na juu ni mbao. Tazama hili dirisha halina bawaba. Hakuna kitu kinachofunguka kwa nje wala kwa ndani. Linateleza. Unaona huu ubao mnene ulio usawa wa kiuno, una mifereji? Kila ubawa wa dirisha umesimama kwenye mfereji wake. Ninausukuma kwa kidole kimoja tu, kidole hiki... umeona? Ubawa mzito huo, umenizidi urefu, unakwenda kama droo. Ukifungua zote unabaki na uwazi mpana kuliko mlango wa duka.

Na hivi vioo si vioo. Sogea, kamera isogee. Hizi ni kombe za baharini. Wao huita capiz, chaza mmoja bapa kama sahani, gamba lake wanalisafisha, wanalikata vipande vya mraba, upana wa vidole vitatu hivi, halafu wanavipanga kwenye vifito vya mbao kimoja kimoja. Ubawa mmoja tu nilianza kuhesabu nikafika sitini, mlinzi akaanza kunitupia jicho, nikaacha. Sikiliza sauti yake nikigonga kwa ukucha. Tk, tk. Si ya kioo, ni kavu zaidi. Na ukitazama kwa karibu kuna mistari midogo kama ya kucha zako mwenyewe.

Sasa nafunga. Tazama mwanga. Nje ni jua la saa saba, la kuchoma utosi. Ndani... umeona? Umekuwa maziwa. Hakuna kivuli kikali popote, uso wangu unaonekana kama nimepigwa picha studio. Mtu wa nje hakuoni, wewe humwoni, lakini chumba hakina giza. Nikafungua tena, nikafunga tena. Manang akasema, «Utalimaliza.»

Bado. Angalia chini ya ule ubao. Mnadhani ni ukuta? Si ukuta. Kuna vidirisha vingine vidogo, vinaitwa ventanilla, navyo vina mbao zake za kuteleza na nguzo ndogo ndogo za kuzuia mtoto asidondoke. Kwa hiyo mvua ikipiga unafunga juu, unaacha chini wazi, upepo unaingia miguuni. Usiku umelala, madirisha makubwa yamefungwa, hewa inapita sakafuni. Mtu amekaa akafikiria hilo karne mbili nyuma, na mimi hapa nalipa bili ya kiyoyozi.

Kwetu Amu utajiri wa nyumba unausoma mlangoni. Baba yangu ni fundi wa milango ya nakshi, nimekulia kwenye vumbi la mbao, najua mfaa, najua miimo, najua kumwambia mgeni hapa palikaa mtu gani kabla hajapiga hodi. Nilipofika Vigan nikaanza kutafuta milango. Milango yao mikubwa, sawa, ya kupitisha gari la farasi, lakini imenyooka tu, haina hadithi. Nikawaona maskini hawa. Kumbe nilikuwa natazama chini. Wao fahari yao wameipandisha ghorofani, wameiweka dirishani. Sisi tunakukaribisha kwa baraza na mlango; wao wanakutazama kwanza kutoka juu ndipo washuke.

Na sasa mniruhusu nilalamike. Nililala kwenye hoteli moja, nyumba ya zamani kweli kweli, jina sitaji. Madirisha ya capiz yapo, mazuri, nikaingia chumbani moja kwa moja kulisukuma. Halisogei. Wameligongomea misumari! Wamefunga kwa ajili ya kiyoyozi. Nikateremka kuuliza, yule kijana wa mapokezi akaniambia kwa adabu sana kwamba wageni wengi wanapenda baridi. Usiku kucha nimelala nimetazama lile dirisha kama mtu aliyenyimwa funguo za kwao. Ukienda, uliza kabla hujalipa: dirisha linafunguka? Hilo swali moja tu litakuonyesha nyumba ipi inatunzwa na ipi imevalishwa.

Haya, mengine upesi upesi, maana najua wengine mnataka bei.

Kalesa, lile gari la farasi la magurudumu mawili. Nililipa peso 200 kwa saa. Peso moja ni shilingi mbili na kitu za Kenya, au arobaini na kitu za Tanzania, pigeni hesabu. Yule mwenye kalesa wetu alitupitisha vituo vyote kama anakimbiza mgonjwa. Mnara wa kengele wa Bantay, ambao uko mji wa jirani juu ya kilima, umejengwa mwaka 1591 na ulikuwa pia wa kuchungulia maadui. Tukapewa dakika kumi. Kwetu punda angalau ana haki ya kugoma. Nendeni kwa miguu, mji wenyewe mdogo, kalesa panda mara moja kwa ajili ya watoto.

Pagburnayan, kwa wafinyanzi, hapo kaa. Wanatengeneza mitungi inaitwa burnay, ufundi uliokuja na Wachina, na udongo hukandwa kwa kukanyagwa na nyati wa kufugwa. Nyati mzima anazungushwa juu ya udongo! Mitungi hiyo ndiyo ya kuchachulia siki, pombe ya miwa na samaki wa chumvi. Fundi akaniita nijaribu gurudumu. Mtungi wangu ulitoka kama kiatu.

Pale palipokuwa jela ya mkoa sasa ni makumbusho, na ndimo alimozaliwa Elpidio Quirino mwaka 1890. Jela kweli, baba yake alikuwa msimamizi wake. Mtoto akaja kuwa rais wa nchi, 1948 hadi 1953. Na kwenye makumbusho ya akina Crisologo kuna habari za mbunge Floro Crisologo aliyepigwa risasi ndani ya kanisa kuu la Vigan, yuko ibadani, Oktoba 1970. Tuliposhuka ngazi hakuna aliyezungumza, hata Manang.

Chakula. Waislamu wenzangu, sikilizeni. Empanada ya Vigan inauzwa Plaza Burgos, unga wa mchele, rangi ya chungwa. Ile rangi ni mzingefuri, ule ule wetu wa kupaka mdomo tukiwa wadogo! Ndani wanatia papai bichi lililokunwa, yai, na soseji ya nguruwe. Nikaomba ya yai na papai tu, wakakubali, mama akaanza kunitengenezea. Kisha nikaona karai ni moja, mafuta ni yale yale. Nikamwachia Manang. Alikula ya kwake, akala na ya kwangu, akichovya kwenye siki, kila tonge anasema «naimas», tamu, mbele ya uso wangu. Mimi nilikula ndizi. Jifungasheni.

Kuna aliyeuliza kwenye video iliyopita, kwa nini nisiende Intramuros, ule mji wa zamani wenye kuta, uko pale pale Manila, hakuna basi la saa kumi nzima? Nimekwenda, video yake inakuja Alhamisi. Lakini Intramuros ilivunjwavunjwa vitani mwaka 1945, kanisa la San Agustin likabaki, na mengi unayoyaona yamejengwa upya. Vigan ilisalimika. Wenyeji wanasimulia kwamba kamanda wa Kijapani alioa pale, akawaomba mapadri wamlinde mkewe na mji usiguswe. Mimi nilisimuliwa na watu watatu, kila mmoja na hadithi yake, nami nimezipenda zote tatu. Ila tetemeko halina mke. Julai 2022, ukubwa wa 7.0, likauparua mnara wa Bantay na kubomoa sehemu za nyumba kadhaa. Nilipotembea niliona bado mbao za kuegemeza hapa na pale, na huko ndiko pesa inakotakiwa kwenda, si kwenye sumaku za jokofu.

Alama? Nilisema tano, nikasema saba. Kwa lile dirisha, nane. Ningetoa tisa, misumari ya hoteli imekula moja. Amu najua mtaniuliza. Amu siipi alama, mimi si mpumbavu, nina mama kule.

Mwisho kabisa, nilimpigia baba kwa video nikiwa pale pale dirishani. Nikafikiri atasema mashallah, aulize habari za safari. Akaniambia, «Hebu nionyeshe bawaba.» Nikamwambia baba, hakuna. Akanyamaza. «Linatelezea nini?» Mbao juu ya mbao, baba. «Haliwezi, mvua ikija mbao itavimba.» Nikamuuliza yule mlinzi, yule yule wa kunitupia jicho, kumbe alikuwa anasubiri mtu amuulize. Akatoa mfukoni kipande cha mshumaa, akakisugua ndani ya mfereji, akausukuma ubawa kwa kidole kidogo. Baba akataka vipimo. Sikuwa na futi, mtandao ukakatika.

Kwa hiyo baba, najua unatazama: mfereji ni kidole gumba changu kwa upana, kina ni nusu ya ukucha. Kidole changu unakijua.