Risasi za bastola ndogo nyepesi: nimejaribu aina nne, kwenye silinda imebaki moja

Nina duka la vifaa vya ujenzi Buguruni na nyumba yangu iko Mbezi. Mauzo nahesabu mwenyewe, nafunga mwenyewe, na mara nyingi nafika nyumbani saa tatu usiku. Kibali cha silaha nilikipata baada ya kupita mtaa, kata, wilaya, mkoa na polisi, na safari hiyo kila aliyewahi kuomba anaijua. Leo nataka kuzungumzia risasi, kwa sababu naona wenzangu wanahangaika miezi na kibali, halafu siku ya kununua risasi wanachukua boksi la kwanza wanalopewa.

Bastola yangu ni ya silinda, Smith & Wesson 642. Inabeba risasi tano za aina ya .38 Special. Fremu yake ni ya alumini, mtutu haufiki sentimita tano, na ikiwa tupu ina uzito wa gramu 415 hivi. Nusu kilo ya sukari ni nzito kuliko hiyo bastola. Niliipenda kwa sababu inakaa kwenye mkoba bila kunivuta bega, na haina nyundo ya nje ya kunasa kwenye nguo. Wepesi huohuo ndio uliokuja kunifundisha adabu. Bastola nzito inameza sehemu ya teke la risasi, yaani ule msukumo wa kurudi nyuma. Nyepesi inakuletea lote kiganjani.

Dukani nusura niuziwe risasi siyo. Kijana aliniwekea boksi lililoandikwa .38, nami nilikuwa tayari kulipa. Mwalimu wangu wa shabaha, mwanajeshi mstaafu niliyekwenda naye, akaligeuza, akasoma ubavuni, akalirudisha. Zilikuwa .38 za zamani za Kiingereza, zile za bastola za polisi wa enzi ya mkoloni. Ganda lake ni fupi na nene kidogo kuliko la .38 Special, kwa hiyo hazikai sawasawa kwenye silinda yangu. Tangu siku ile nasoma maandishi yaliyogongwa kwenye kitako cha ganda lenyewe, boksi siliamini.

Aina ya kwanza niliyojaribu ilikuwa na kichwa chenye uzito wa greni 158, sawa na gramu 10 na kidogo, risasi ya madini laini yenye tundu kichwani, na alama ya +P. Alama hiyo maana yake imejazwa kwa mgandamizo mkubwa kuliko kawaida. Ni risasi yenye sifa, polisi wengi wa Marekani waliibeba kwa miaka mingi, lakini wao waliipiga kwenye bastola za chuma zenye mtutu wa sentimita kumi. Mimi nilipopiga ya kwanza, ngozi kati ya dole gumba na kidole cha shahada iliwaka kama nimeguswa na pasi. Ya pili nikafumba macho kabla ya kuvuta. Ya tatu na ya nne sijui zilikwenda wapi. Ya tano haikutoka kabisa: triga iligoma, silinda ikakataa kuzunguka.

Mwalimu akaichukua, mtutu ukiwa umeelekea kwenye tuta la mchanga, akanionyesha kwa ukucha wake. Kichwa cha risasi ya tano kilikuwa kimechomoka kidogo kwenye ganda na kutokeza mbele ya silinda, kikawa kinakwama kwenye fremu. Teke la zile nne za kwanza lilirudisha ganda nyuma kwa nguvu, kichwa kikabaki palepale, na kila mlio ukakivuta zaidi kidogo. Akaniuliza, "Mama, hii ndiyo ungelala nayo chini ya mto?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo kabla hujaiamini risasi yoyote kwenye bastola nyepesi, fanya jaribio hili uwanjani. Chukua kalamu ya wino, zungushia mstari pale ganda linapoishia na kichwa kinapoanza. Jaza tano, piga nne, itoe ya tano uiangalie. Mstari ukiwa umeachana na ukingo wa ganda, risasi hiyo si ya bastola yako, hata kama mwenzako anaisifu. Nimelifanya kwa kila aina iliyofuata.

Ya pili ilikuwa Hornady Critical Defense ya greni 110. Hii nyepesi ilinionea huruma mkononi, na ile ya tano ilitoka uwanjani na mstari wake mahali pake. Tundu lake limezibwa kwa kipande laini cha plastiki ili nguo zisije zikaliziba. Shida niliyoipata ni kwamba kwa mita kumi zilipiga chini ya nilipolenga, kama upana wa vidole viwili. Kilenga cha bastola hizi hakirekebishiki, na kwa kawaida kimewekwa kwa risasi nzito. Nyepesi inatoka haraka, inakuwa imeshauacha mtutu kabla teke halijaunyanyua, ndiyo maana inapiga chini.

Ya tatu, Speer Gold Dot ya greni 135, +P pia, imetengenezwa mahsusi kwa mtutu mfupi. Hilo si jambo dogo. Risasi yenye tundu hufunguka, yaani hutanuka ikiingia mwilini, kwa sababu ya kasi, na mtutu mfupi unaipunguzia. Nyingi zilizobuniwa kwa mitutu mirefu zikipita kwenye bastola kama yangu hazifunguki, au tundu linajaa nyuzi za nguo. Gold Dot hii naiheshimu, ila bado inapiga teke. Nne nilizipata kwenye karatasi, ya tano ikakimbia.

Halafu mwalimu akanipa boksi la wadikata za greni 148. Kwa macho hazivutii. Kichwa ni bapa kabisa, kimezama ndani ya ganda mpaka usawa wa mdomo, unaweza kudhani ni ganda tupu lililozibwa. Zilitengenezwa kwa mashindano ya shabaha, kwa sababu ule ubapa unakata karatasi tundu safi la mviringo, kama limepigwa na mashine ya kutoboa ya ofisini. Zinakwenda polepole, kama mita 200 kwa sekunde. Nikapiga tano. Zote tano zilikaa mahali ambapo ningeweza kuzifunika kwa kiganja. Nikajaza tena, nikapiga tena, hali ileile. Mkono hauumi, macho hayafumbi, na kichwa hakichomoki kwa sababu teke ni dogo mno kukichomoa.

Tena haihitaji kufunguka ndipo ifanye kazi, kwa hiyo ufupi wa mtutu hauipotezei kitu cha maana. Kipimo cha FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walichokiweka baada ya maafisa wao kupigana risasi na majambazi Miami mwaka 1986, kinataka risasi iingie kati ya sentimita 30 na 46 kwenye jeli ya majaribio inayoiga nyama ya mwili. Wadikata kwa kawaida inafika huko.

Hapo ndipo penye hofu yangu kubwa, na naomba wenye familia msome taratibu. Risasi isiyofunguka haisimami mapema. Nyumba zetu zimebanana: mabati hayazuii, jipsamu haizuii, mlango wa mbao hauzuii. Mchana mmoja nilizunguka chumba kwa chumba, bastola ikiwa imefungiwa, nikiangalia nikisimama hapa nyuma ya ukuta kuna nani. Upande wa korido ni mlango wa wanangu, kisha dirisha la jirani. Upande wa stoo ni tofali la saruji kutoka chini hadi juu. Upande mmoja tu ndio ningethubutu kuelekeza mtutu, na nikahamisha kitanda ili niwe nao mbele yangu. Risasi iliyokosa ndiyo inayokwenda mbali kuliko zote, na mimi nakosa zaidi nikipiga zenye teke.

Wadikata ina kasoro moja inayoudhi. Kwa ubapa wake haiingii upesi kwenye tundu la silinda. Inagota ukingoni, unaizungusha, inagota tena, na vidole vikiwa na jasho ni kazi kwelikweli. Inaacha pia masizi ya madini ya risasi (lead) kwenye mtutu, basi nasafisha kila nitokapo uwanjani na kunawa mikono kwa sabuni kabla sijagusa chakula.

Jasho na joto la Dar navyo vinakula. Zile tano za kwenye mkoba nilizikuta na doa la kijani kwenye shaba baada ya masika. Sasa nazifuta kwa kitambaa kikavu kila wiki, sizipaki mafuta kwa sababu yanaweza kupenya hadi kwenye fataki ya kitakoni inayowasha baruti, na nikienda uwanjani nazipiga hizohizo, naweka mpya.

Kwenye silinda sasa kuna wadikata tano. Za akiba, zilizoshikwa kwenye kipande cha mpira cha kubebea risasi, ni Gold Dot, kwa kuwa ncha yake ya duara inaingia haraka. Tangu nianze nimepiga wadikata 150 bila hata moja kugoma, na Jumamosi narudi uwanjani kujizoeza kujaza kwa mkono wa kushoto.