Laptopu ya muziki isiyotaka kuchomolewa chaja: uzoefu wangu

Nianze na kijana wa dawati la huduma, maana yeye ndiye aliyenifikisha hapa. Nilimpelekea laptopu pamoja na hedifoni zangu, nikamfungulia kazi niliyokuwa nahariri, nikamwambia asikilize mlio wa tik unaojitokeza chaja ikichomolewa. Hedifoni hakuzigusa. Alitazama skrini, akaona mawimbi ya sauti yanatembea, akasema, "Kaka, mbona inapiga vizuri tu?" Nikamwomba achomoe chaja kwanza, halafu avae hedifoni. Akacheka. "Sasa nani anatengeneza muziki bila umeme? Chomeka chaja, mambo yaishe." Akanisogezea mashine yangu na kumwita mteja aliyefuata.

Nani? Sisi tunaofanya kazi hii nje ya nyumba. Kwaya iko ukumbini, mwimbaji yuko safarini na ana saa moja tu ya kukupa, na soketi ya ukutani ama haipo ama imeshikwa na watu wa spika. Hata ukiipata, umeme usio na waya wa ardhi mara nyingi hupitisha mngurumo kutoka kwenye chaja hadi kwenye kadi ya sauti (kifaa kinachoingiza sauti ya maiki kwenye kompyuta), na mngurumo huo ukishaingia kwenye rekodi kuutoa ni shughuli. Mara nyingi tunachomoa chaja makusudi ili tupate sauti safi. Mtu anayehudumia mashine inayotangazwa kuwa ni ya wasanii anapaswa kulijua hilo, au basi avae hedifoni asikie mwenyewe.

Angesikia hivi. Ikiwa kwenye chaja, mashine inabeba traki nyingi na plagini (programu za nyongeza) nzito za mwangwi bila kulalamika. Ukichomoa tu: tik. Kimya kidogo. Tik tena. Ingekuwa inakwaruza ovyo ningesema prosesa imezidiwa, lakini mlio huu ulikuja kwa mpangilio, baada ya muda uleule, hata nikiwa nimefungua traki moja tupu. Kwenye spika ndogo za laptopu huusikii. Kwenye hedifoni ni kama mwiba kwenye unyayo, hasa unapoangukia pale mwimbaji anapovuta pumzi kabla ya kiitikio.

Kwa asiyeijua kazi hii: ukirekodi kwa sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde na bafa, yaani kipande kinachoandaliwa kwa mkupuo, ya sampuli 256, kompyuta ina kama milisekunde 5.3 tu za kuandaa kila kipande cha sauti. Kitu kingine kikiishika prosesa zaidi ya hapo, kipande kinatoka kitupu, na ndipo unaposikia tik. Utaambiwa upandishe bafa hadi 1024. Sawa, hiyo ni milisekunde 21 na ushee, na ukiwa unahariri peke yako inavumilika. Lakini mwimbaji anayejisikiliza kupitia mashine anacheleweshwa sauti ikiingia na anacheleweshwa tena ikitoka. Anaanza kuvuta maneno. Nilimwona dada mmoja mwenye sauti nzuri ajabu akivua hedifoni na kuniomba radhi, akidhani yeye ndiye anayekosa mapigo. Hilo sijalisahau na silisamehe.

Basi nikaamua kutafuta mwenyewe. Nilizima Wi-Fi, nikazima Bluetooth, nikaweka mpangilio wa umeme kwenye nguvu kamili. Wapi! Nikawasha LatencyMon, programu inayoonyesha ni draiva gani (programu ndogo inayoendesha kifaa) inaichelewesha kompyuta, nayo ikanionyesha ACPI.sys. Hii ndiyo inayoshughulika na mambo ya umeme ndani ya Windows. Kila baada ya muda Windows inaiuliza betri imebaki kiasi gani, na kwenye mashine hii jibu linachukua muda mrefu kuliko bafa yangu inavyoweza kusubiri. Nikaingia kwenye orodha ya vifaa, nikazima ile draiva ya betri yenye jina refu la "ACPI-Compliant Control Method". Tik ikakoma palepale.

Siku ile ningeulizwa, ningeipa nyota zote. Kibodi yake ni tamu, feni haisikiki kwenye maiki hata ukirekodi gitaa la kawaida karibu nayo, na skrini inakaa wazi hata ukiwa kivulini mchana. Nilifanya kazi kwa raha na nikaisifia kwa watu.

Ila ukizima draiva hiyo, alama ya betri nayo inatoweka. Hujui zimebaki asilimia ngapi, wala hupewi onyo. Nilikuwa narekodi kwaya, wako ubeti wa mwisho, sauti ya nne imeingia kwa utulivu ambao hawakuwa wameupata tangu asubuhi, skrini ikawa nyeusi. Faili halikufunguka tena. Waliimba upya, ndiyo, kwa heshima tu, ila kilichokuwa kimetoka mara ile hakikurudi. Hivi kweli, mashine ya kubeba begani inanilazimisha nichague kati ya sauti safi na kujua chaji iliyobaki?

Baadaye mtengenezaji alitoa sasisho la faimwea, yaani programu iliyo ndani ya mashine yenyewe. Nikaliweka, nikawasha draiva ya betri, nikachomoa chaja. Tik imepungua sana. Haijaisha.

Kwa hiyo ukienda kununua laptopu ya kazi hii, iwe hii au nyingine yoyote, nenda na kadi yako ya sauti na hedifoni zako. Weka bafa 128 au 256, fungua traki moja, chomoa chaja, usikilize dakika kumi bila kuongea na mtu. Muuzaji akikukatalia kuchomoa, ondoka. Mambo ya prosesa na RAM utayasoma hata ukiwa kitandani.

Nilikuwa nimekusudia kuipa nyota tatu kwa ajili ya ile feni na kibodi. Nikiukumbuka ule ubeti, naipa moja. Mwenye kuhariri mezani, chaja ikiwa ukutani muda wote, anaweza kuichukua na ataipenda. Likija sasisho jingine likaimaliza hiyo tik, nitabadilisha niliyoandika. Kwa sasa mtu wa safari simshauri.