Monita za studio zinapovuma: nini ununue kwanza, nini ukiache dukani

Nilibadilisha monita, yaani spika za kuchanganyia muziki, mara mbili ndani ya mwaka mmoja kwa sababu ya mvumo. Muuzaji aliniambia zile za kwanza zimekufa ampu, kikuza sauti cha ndani, nikamwamini. Nikaziuza kwa hasara, nikaongeza pesa, nikachukua kubwa zaidi. Usiku ule ule nilipoziwasha, mvumo ule ule ukanipokea. Kibovu kilikuwa waya wa bei ya chakula cha mchana. Pesa ile iliniuma, na ndiyo maana nimepanga mwongozo huu kuanzia kinachotibu wengi kwa gharama ndogo.

Kabla ya kwenda dukani, fanya jaribio la dakika mbili. Acha monita zimewaka, kisha chomoa waya za sauti nyuma yake, zote. Kelele ikiisha, inapita kwenye waya, na spika zako ni nzima. Ikibaki, ni umeme wa chumba au spika yenyewe. Zirudishe waya, halafu chomoa chaja ya laptopu ili itumie betri. Mvumo ukikatika hapo hapo, umeshampata mwizi: laptopu na monita zimeunganishwa mara mbili, kwenye waya wa sauti na kwenye ethi (waya wa ardhini) ya umeme, na kati ya njia hizo mbili umeme mdogo unazunguka.

Sikiliza pia aina ya kelele. Mvumo mzito wa chini ni umeme wa ukutani, ambao kwetu Tanzania, kama Kenya, ni wa hezi 50. Weka maikrofoni mbele ya spika, rekodi sekunde kumi, fungua EQ (kirekebishi cha masafa ya sauti) yenye grafu: utaona vilima kwenye 50, 100 na 150. Mikwaruzo inayofuata kipanya unapokisogeza inatoka kwenye kompyuta. "Shhhh" ya kama mvua ya mbali ni jambo jingine kabisa, nitaifikia.

Namba moja: waya za balansi. Hapa sina shaka hata kidogo. Shika jeki ya waya wako uitazame karibu. Ikiwa na mkanda mmoja mweusi, ni TS, haina balansi. Ikiwa na mikanda miwili, ni TRS. Waya wa balansi hubeba sauti kwenye nyuzi mbili, mmoja ukiwa umegeuzwa kinyume cha mwenzake. Kelele ikiingia njiani inazipata zote mbili sawasawa. Monita inachukua tofauti kati yake, na kelele inajifuta. Ila pande zote mbili lazima ziwe za balansi. Yamaha HS5 na JBL 305P MkII zinapokea TRS na XLR, ile ya pini tatu kama ya maikrofoni. PreSonus Eris E3.5 ina matundu ya TRS na ya RCA pia, yale madogo ya duara kama ya nyuma ya TV, yasiyo na balansi, na nimeona watu wengi wakichomeka RCA kwa kuwa ndizo waya walizonazo nyumbani, huku matundu mazuri yakibaki wazi. Ukiwa dukani usiseme tu "nataka waya wa jeki kubwa", maana utapewa TS. Hesabu mikanda mwenyewe kabla hujalipa.

Namba mbili ni kadi ya sauti, kiboksi cha USB kinachotoa sauti ya kompyuta kwenda kwenye monita, yenye matokeo ya balansi, kwa wale ambao bado wanatoa sauti kwenye tundu la hedifoni la laptopu. Tundu hilo halina balansi, kwa hiyo TRS nzuri kiasi gani haitakusaidia ukianzia hapo. Focusrite Scarlett 2i2 inatoa TRS yenye balansi. Kwa M-Audio kuwa makini: M-Track Duo inatoa TRS, lakini M-Track Solo, inayofanana nayo sana kwenye picha, inatoa RCA. Tofauti ya bei yao ni ndogo, tofauti ya mvumo inaweza kuwa kubwa.

Kama huna uwezo wa kadi mpya, au vifaa vyako ni vya RCA tupu, namba tatu ni transfoma ya kutenganisha sauti. Ni kiboksi kidogo kisichohitaji umeme: sauti inapita kwa sumaku, na njia ya ethi kwenye waya wa sauti inakatika. Behringer HD400 inachukua jeki kubwa, ART DTI inachukua RCA, jeki na XLR. Vile vya bei ya chini kabisa vya kwenye redio za magari vinaondoa mvumo kweli, lakini vinakula besi, na kwa anayechanganya singeli au bongo fleva, besi ndiyo kazi yenyewe. Ukinunua hicho, kitumie kusikilizia tu.

Namba nne: ekstensheni moja nzuri, yenye ethi ya kweli. Monita mbili, kadi na chaja ya laptopu vyote vichomekwe hapo, visigawane kuta mbili za chumba. Kwa wengine hilo peke yake linatosha.

Hapa lazima niseme jambo kwa uzito. Mtu atakushauri uvunje pini ndefu ya plagi, ile ya ethi, au uchomeke plagi ya pini mbili kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu. Mvumo unaweza kweli kuisha. Lakini siku waya wa moto ukigusa bodi ya chuma ndani ya monita, bodi nzima itakuwa na volti 230, na kitakachoupeleka umeme ardhini ni mkono wako. Usifanye, na usimruhusu fundi akufanyie.

Namba tano ni kitenganishi cha USB, kinachokaa kati ya kompyuta na kadi, kwa ile mikwaruzo ya kipanya. Kinatibu vizuri, ila vingi vya bei nafuu vinatumia chipu ya ADuM4160, ambayo mwisho wake ni megabiti 12 kwa sekunde. Kadi nyingi za sasa zinataka USB 2.0 ya megabiti 480, na ukiweka kitenganishi hicho katikati hazitaonekana kabisa au sauti itakatika. Uliza kasi kabla ya kuuliza bei.

Kwa wanaotumia sola: inveta ya mawimbi ya ngazi ("modified sine wave") hutoa mlio kama wa nyuki kwenye vifaa vingi vya sauti, na waya za balansi hazitaumaliza wote. Tafuta inveta iliyoandikwa "pure sine wave". Ni ghali, ndiyo maana sijaiweka juu, lakini kwa studio isiyo na umeme wa gridi ingekuwa namba moja.

Vya kuviacha dukani: pete za feraiti, zile za kubana kwenye waya, maana hazigusi mvumo wa hezi 50, stabilaiza, ambayo inasawazisha volti na haikati mzunguko wa ethi, na yale masanduku ya gharama ya "kusafisha umeme", kwa sababu ile ile.

Sasa ile "shhhh". Hiyo ni ya ampu yenyewe, na JBL 305P MkII inajulikana kwayo. Mara nyingi unaweza kuipunguza bure: punguza kitufe cha nyuma ya monita hadi katikati, weka swichi yake ya kiwango cha sauti inayoingia kwenye +4 dBu badala ya -10 dBV, kisha pandisha sauti kwenye kadi. Ukikaa umbali wa mita moja na muziki ukiwa chini, huenda usiisikie tena.

Monita mpya ninaziweka mwisho kabisa. Ukilazimika, mwombe muuzaji aziwashe bila waya wowote wa sauti, azime feni na redio ya duka, kisha sogeza sikio karibu na twita, spika ndogo ya sauti kali, ya kila moja. Ikivuma hapo, irudishe kwenye boksi.